Gesi "Safi" na Dereva Asiyeulizwa



Ijumaa iliyopita, katika mjadala wa darasa letu, hoja ilikuwa hii: "Serikali za ukanda wetu ziyasamehe ushuru malori yote yanayoendeshwa kwa gesi asilia iliyosindikwa kuwa kimiminika." Upande uliounga mkono ulishinda. Ulishinda kwa Kiswahili kizuri, nami kama mwamuzi niliupa alama ulizostahili: ngeli zilikaa mahali pake, methali ziliingia bila kusukumwa, na msemaji wa tatu alitumia neno "ilhali" mara mbili pasipo kukosea. Lakini kushinda mjadala ni jambo moja na kuwa na hoja ya kweli ni jambo jingine. Mwamuzi haruhusiwi kusema siku ya mashindano, kwa hiyo nasema leo. Walioshinda walikosea. Na waliopinga walishindwa kwa sababu hawakujua hasa wanapinga nini.

Nilikuwa na karatasi mezani nikawa napiga vistari. Neno "safi" lilitamkwa mara 19. Neno "dereva" halikutamkwa hata mara moja. Mlizungumza juu ya malori kwa dakika 40 kana kwamba hujiendesha yenyewe kutoka Dar es Salaam hadi Kigali, yakipanda vilima vya Singida bila mtu ndani. Ni juu ya mtu huyo ninayetaka kusema nanyi, na juu ya neno hilo mlilolirudia.

Tuanze na kitu chenyewe, maana nusu ya makosa ya Ijumaa yalitokana na kuchanganya majina. Gesi zinazobishaniwa ni tatu, na tabia zake hazifanani. Ya kwanza ni gesi ya mitungi, ile ya kupikia. Hiyo ni nzito kuliko hewa. Ikivuja hutambaa chini na kujaa mashimoni. Ndiyo iliyolipuka Embakasi, Nairobi, usiku wa tarehe 1 Februari 2024, ikawaua watu kadhaa na kuwajeruhi zaidi ya 200. Mmoja wenu aliutumia mkasa huo kuyapinga malori ya gesi asilia. Alikuwa akimshtaki mtu kwa kosa la jirani yake, na wapinzani wake walikuwa na haki ya kumcheka.

Ya pili ni gesi asilia iliyoshindiliwa: methani iliyobanwa ndani ya mitungi minene kwa shinikizo la takribani mara 200 ya lile la hewa tunayovuta. Ndiyo inayoendesha bajaji na teksi nyingi za Dar es Salaam siku hizi. Kwa safari za mjini inafaa. Kwa lori la tani 30 linalokwenda kilomita 1,500, mitungi hiyo ni mizito na hula nafasi ya mzigo.

Ya tatu ndiyo tuliyoijadili, ile ambayo huandikwa kwa herufi tatu, LNG, ubavuni mwa malori. Ni methani hiyohiyo, ila imepozwa hadi takribani nyuzi 162 za Selsiasi chini ya sifuri, ikageuka maji na kupungua ujazo wake kwa takribani mara 600. Huhifadhiwa ndani ya tangi lenye kuta mbili, na kati ya kuta hizo hewa imenyonywa ili joto la nje lisipenye, kama ilivyo katika chupa ya chai. Lita yake moja ina nguvu ya takribani asilimia 60 ya lita ya dizeli, lakini hilo linatosha: lori lenye matangi mawili makubwa laweza kwenda zaidi ya kilomita 1,000 bila kujaza tena. Wala si ndoto ya maabara. China ina malaki ya malori ya aina hiyo barabarani. Ulaya, kampuni za Iveco, Scania na Volvo huyatengeneza na kuyauza. Kwa hiyo anayesema "haiwezekani" hasemi kweli. Inawezekana. Swali ni kwa gharama ya nani.

Sasa nifuate hadi kwenye kituo cha kujazia. Dereva wa dizeli hushuka, hufungua kifuniko, hupiga soga na mhudumu, huenda msalani, hurudi, hulipa. Dereva wa gesi kimiminika huvaa glavu nene zinazofika karibu na kiwiko, kinga ya uso mzima na nguo ndefu isiyoacha ngozi wazi. Viatu vya wazi havikubaliki. Haya si mapambo. Tone la kimiminika hicho likigusa ngozi huigandisha, na jeraha lake hufanana na la moto. Chuma cha kawaida kikimwagiwa huwa brito na huweza kupasuka kama kigae. Katika nchi nyingi za Ulaya dereva haruhusiwi kujigusia bomba hilo mpaka awe amefundishwa na kuonyesha kwamba amefundishwa.

Kisha kuna jambo ambalo, nilipowauliza baada ya mjadala, hakuna aliyelijua, na ndilo linaloniogofya kuliko yote. Gesi ya kupikia nyumbani hunuka kwa sababu watu wameitia harufu makusudi, ili mama akiingia jikoni ajue kuna hatari. Gesi kimiminika haitiwi harufu. Katika baridi ya kiasi kile kemikali ya harufu ingeganda tu. Methani yenyewe haina harufu wala rangi. Ikivuja, pua haitakuambia kitu. Utaona labda ukungu mweupe, ambao ni unyevu wa hewa ulioganda kwa baridi. Mara ya kwanza gesi hiyo, ikiwa bado baridi sana, hutambaa chini, kisha ikipata joto hupanda juu na kutoweka machoni. Ikichanganyika na hewa kwa kiasi cha kati ya asilimia 5 na 15, cheche moja inatosha. Malori mapya huwa na vifaa vya kutambua uvujaji. Malori mapya! Wewe na mimi tunajua ni malori ya umri gani yanayoishia katika barabara zetu, baada ya kutumika kwingine mpaka wenyewe wakayachoka, na tunajua taa ya onyo kwenye dashibodi hufanywa nini inapowaka mfululizo: hubandikwa plasta nyeusi.

Lakini bado sijafika kwenye kiini. Kiini ni foleni.

Dizeli hulala. Uiache ndani ya tangi mwezi mzima, utaikuta. Gesi kimiminika hailali, kwa sababu hakuna chupa ya chai inayozuia joto milele. Joto hupenya kidogokidogo, kimiminika huchemka kidogokidogo, shinikizo hupanda, na likifika mpaka wake vali ya usalama hufunguka na kuitoa gesi hewani. Vali hiyo si kasoro. Bila yake tangi lingepasuka. Kanuni namba 110 ya Umoja wa Mataifa, inayohusu vyombo vya gesi, hutaka tangi lililojazwa liweze kukaa angalau siku 5 kabla ya kuanza kutoa gesi. Kwa Ulaya siku 5 ni nyingi, kwani lori la Mjerumani halisimami siku 5 isipokuwa mwenyewe amekwenda likizo.

Kwetu je? Lori linasubiri mzigo bandarini. Linasubiri kwenye mizani ya Vigwaza. Linaharibika karibu na Nyakanazi, kipuri kinaagizwa Dar es Salaam, kinakuja na basi, nacho si chenyewe. Linafika Rusumo hati moja ikiwa na jina lililokosewa herufi, na wakala hapatikani kwa simu tangu Ijumaa. Wale wenu ambao baba au kaka zao ni madereva mmenyamaza, kwa sababu mnajua kwamba siku 5 za kusimama ni jambo la kawaida tu katika kazi hiyo.

Na dereva anapokuwa amesimama hufanya nini? Hupika. Nenda kwenye maegesho yoyote ya malori jioni ukaone: sufuria juu ya jiko la mkaa au la gesi ndogo, utingo anamenya ndizi, wengine wamekaa kwenye kivuli cha trela, chai inachemka hatua tatu kutoka kwenye tangi. Usiku hulala humo humo, ndani ya kabini, madirisha yamefungwa kwa sababu ya mbu na wezi. Hiyo ndiyo nyumba yake. Sasa lete katika uwanja huo malori 40 yaliyosimama siku ya 6, kila moja linapumua methani isiyo na harufu kwa wakati wake, katikati ya majiko 40. Watetezi wa gesi watasema: methani ikishapata joto hupanda na kutawanyika, kwa hiyo katika uwanja wa wazi hatari ni ndogo. Ni kweli, na ningekuwa mwongo kukuficha. Lakini hawajasema lolote kuhusu banda la bati ambamo malori huingizwa mvua inaponyesha, wala juu ya gereji yenye dari na fundi mwenye mashine ya kuchomelea. Hoja yao imetungwa kwa ajili ya uwanja ambao hawajawahi kulala.

Tuje kwenye "safi". Hapa nakuomba uchukue kalamu, maana nataka ushindwe kwa hesabu, si kwa ukali wangu.

Kilo moja ya methani ikiungua hutoa takribani kilo 2.75 za hewa ya ukaa. Dizeli yenye nguvu sawa na kilo hiyo hutoa takribani kilo 3.7. Kwa hiyo gesi ina faida ya karibu kilo moja. Hapo ndipo mzungumzaji wenu wa kwanza aliposimama na kupigiwa makofi, na kwa kadiri alivyofika alikuwa sahihi. Lakini methani ambayo haikuungua, iliyoponyoka tu, ina nguvu ya kuipasha dunia joto takribani mara 80 kuliko hewa ya ukaa ya uzito uleule, ukipima kwa kipindi cha miaka 20. Ukipima kwa miaka 100 ni takribani mara 30, nayo ndiyo hesabu ambayo wauzaji hupenda kuichagua. Zidisha basi. Gramu 12 zikiponyoka kwa kila kilo, ukazidisha kwa 80, unapata gramu 960. Faida yote imekwisha. Gramu 12 ni kama vijiko 3 vya chai vya sukari. Na sijakwambia bado kwamba injini nyingi za gesi zinazowasha kwa plagi hutumia nguvu nyingi zaidi ya zile za dizeli kwa kazi ileile, jambo ambalo hula sehemu ya faida hiyo kabla hata ya kijiko cha kwanza kumwagika.

Sasa hesabu mahali ambapo vijiko hivyo vyaweza kumwagika: kisimani, katika bomba, kiwandani inapopozwa, melini, kituoni wakati wa kujaza, ndani ya injini methani isipoungua yote, na kwenye vali ya lori lililosimama Rusumo siku ya 6. Lori linalotembea kila siku, katika nchi yenye vituo vya karibu na mafundi waliofunzwa, laweza kuwa safi kidogo kuliko la dizeli. Lori hilohilo likisimama wiki nzima mpakani laweza kuwa chafu kuliko kuukuu la dizeli linalotoa moshi mweusi mbele ya macho yako. Tofauti ni kwamba uchafu wa pili unauona, wa kwanza huuoni. Watu wanaposema "safi" aghalabu humaanisha "sioni moshi". Mwalimu wa lugha hawezi kunyamaza neno likifanyiwa hivyo.

Nikiri yaliyo mema, nisije nikafanya kama walioshindwa Ijumaa ambao walikataa kila kitu. Gesi haina salfa wala masizi kama dizeli mbaya. Injini zinazowasha gesi kwa plagi zina kelele ndogo kuliko za dizeli, na mtu anayeishi kando ya barabara kuu anajua thamani ya jambo hilo. Pia pale gesi inapokuwa rahisi, dereva na mwenye lori hupata nafuu halisi: mauzo ya malori haya yalipaa China mwaka 2023 na 2024, na sababu kubwa haikuwa kuipenda dunia, ilikuwa bei ya gesi kushuka chini ya dizeli. Sina ugomvi na mtu anayetafuta nafuu ya mafuta. Nchi yetu haina bandari. Kila lita ya dizeli inayofika Kigali imelipa nauli ya kilomita 1,500 au zaidi, na nauli hiyo imo ndani ya bei ya mchele na ya daftari unaloandikia.

Ndiyo maana hoja yenu yenye nguvu kuliko zote haikuwa "safi". Ilikuwa "yetu". Msemaji wa pili alisema: Tanzania ina gesi, ziwa Kivu lina gesi, kwa nini tuagize dizeli kutoka ng'ambo? Nilitikisika kidogo, nakiri. Gesi ya Songo Songo iligunduliwa mwaka 1974, ikaanza kutumika mwaka 2004. Bahari ya kina kirefu kusini mwa Tanzania ina akiba inayotajwa kuwa futi za ujazo trilioni 57 ukijumlisha na ya nchi kavu. Na ziwa Kivu lina takribani kilomita za ujazo 60 za methani iliyoyeyuka majini, ambayo kuitoa ni jambo la hekima hata kama usingeihitaji, kwa kuwa iko pamoja na hewa ya ukaa nyingi zaidi. Ziwa Nyos kule Kamerun mwaka 1986 lilitoa hewa ya ukaa usiku mmoja, na watu wapatao 1,700 hawakuamka.

Lakini gesi iliyo chini ya bahari haiko ndani ya tangi. Kiwanda cha kusindika gesi kimepangwa Lindi, na mazungumzo yake yameanza wengi wenu mkiwa hamjajua kusoma. Gharama yake hutajwa kuwa dola bilioni 42, na kimebuniwa kwanza kwa ajili ya meli za nje, si kwa ajili ya lori la kwenda Kigali. Kivu nako, mtambo wa KivuWatt pale Karongi huichoma methani kuzalisha umeme, megawati 26, na hiyo ni matumizi ya busara: gesi haisafiri, haipozwi, haisubiri foleni. Kuipooza methani hadi nyuzi 162 chini ya sifuri kunataka mtambo ghali na umeme mwingi, umeme uleule ambao tunauzalisha kwa gesi hiyo. Ukisikia mtu anasema "gesi yetu" muulize imo katika tangi gani leo, na nani ana ufunguo. Kama jibu ni kwamba kwa miaka 10 ya kwanza itaagizwa kwa meli kutoka mbali, basi si yetu. Tumebadilisha tu mwenye duka.

Na wenye maduka hubadilisha bei. Ujerumani iliyasamehe malori ya gesi tozo ya barabara kuanzia Januari 2019, na msamaha huo ukaendelea hadi mwisho wa 2023. Wenye malori waliambiwa kama mlivyoambiana nyinyi: ni safi, ni nafuu, nunueni. Walinunua, wengine kwa mkopo. Mwaka 2022 Urusi ilipoivamia Ukraine, bei ya gesi ilipanda kwa namna ambayo hakuna aliyeitazamia, na baadhi yao wakayaegesha malori yale mapya kwa kuwa kila safari ilikuwa hasara. Januari 2024 msamaha ukaisha, tozo ikarudi. Hao ni watu wenye bima, mabenki ya kuwasikiliza na vyama vya kuwasemea. Mwenye lori wa kwetu aghalabu ana malori mawili, moja likiwa la shemeji yake, na dhamana ya mkopo ni nyumba anayolala watoto. Serikali ikimvuta kwa msamaha wa ushuru leo, ni nani atasimama naye siku bei itakapogeuka? Hakuna aliyejibu hilo Ijumaa kwa sababu hakuna aliyeuliza.

Nimefika mahali ambapo hasira yangu ni ya kikazi, unisamehe.

Agosti 10, 2019, lori la mafuta lilipinduka Msamvu, Morogoro, kwenye barabara hiihii iletayo bidhaa zetu. Watu walikimbilia na madumu kuchota petroli. Moto ulipowaka, walikufa zaidi ya 100. Julai 2, 2010, huko Sange, Kivu Kusini, lori la mafuta lilipinduka na kuwaka. Zaidi ya watu 200 walikufa, wakiwemo waliokuwa ndani ya vibanda wakitazama Kombe la Dunia, ambao hawakuchota kitu chochote. Januari 2009, Sachangwan nchini Kenya, hadithi ni ileile, zaidi ya 100. Petroli hunuka. Petroli kila mtu anaijua. Na bado. Sasa fikiria lori limepinduka na kutoka kwake kunatambaa ukungu mweupe, wa baridi, usionuka kitu. Mtoto atafanya nini? Atakwenda kuugusa.

Nani atamwambia asiende, na kwa lugha gani? Maonyo ya tangi la lori la China huandikwa Kichina. Ya lori la Ulaya huandikwa Kiingereza, Kijerumani au Kiitaliano. Kitabu cha mwongozo ni kurasa mamia, nacho hubaki katika ofisi ya mwenye lori, kama hakikuachwa bandarini. Kwenye maegesho ya Rusumo kuna Mtanzania, Mnyarwanda, Mrundi, Mkenya, Mkongo. Lugha wanayopikia pamoja ni moja. Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki wa mwaka 1999, katika kifungu cha 137, unasema Kiswahili kiendelezwe kama lugha ya mawasiliano ya Jumuiya. Rwanda ilikifanya lugha rasmi mwaka 2017. Umoja wa Mataifa umekipa siku yake, Julai 7, na kila mwaka tunaiadhimisha kwa ngonjera na kanga. Vizuri. Lakini lugha ambayo inatosha kuimbiwa na haitoshi kuandikiwa "USIGUSE, BARIDI KALI HUUNGUZA" ubavuni mwa tangi, hiyo imepewa heshima ya bandia.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu, na nausema wazi ili mnishambulie vizuri. Lori la gesi kimiminika lisipewe msamaha wa ushuru hata wa senti moja mpaka maonyo yake yawe kwa Kiswahili sahihi, yakiandikwa na watu wanaojua gesi na kuhakikiwa na wanaojua lugha, si kwa tafsiri ya mashine inayoita vali "mlango". Dereva asikabidhiwe ufunguo mpaka afunzwe kwa lugha anayoielewa na apewe cheti chake mwenyewe, kisicho mali ya mwajiri, ili akifukuzwa aondoke nacho. Mavazi ya kinga yalipwe na mwenye lori, na hili naliweka kwa sababu ninajua yatakatwa kwenye posho. Mpakani lori hilo liwe na zamu yake, lisikae siku ya 5. Na kama Jumuiya haiwezi kuondoa foleni ya siku 5, basi ikiri kwamba haiko tayari kwa chombo kisichojua kungoja. Na serikali ikitangaza kwamba gesi ni safi, itangaze pia kiasi kinachovuja, kilichopimwa na mtu asiyeiuza.

Najua mtakaloniambia: "Mwalimu, masharti haya yatachelewesha maendeleo." Huenda. Lakini tazameni ni nani huwa anasema maneno hayo, na hulala wapi usiku. Pia sikuombi uipende dizeli. Mapafu ya mamalishe wa Rusumo yanaijua dizeli kuliko mimi. Huenda umeme utaipita gesi kabla hatujamaliza kubishana, angalau kwa safari fupi. Sitabiri. Ninachokataa ni kwamba watu waamue jambo la hatari kwa ajili ya mtu ambaye hawajamuuliza, kisha wamshangae akiungua.

Kazi ya wiki hii si insha. Nenda kwenye maegesho ya malori yaliyo karibu nawe, usiende peke yako na usiende usiku, umsalimu dereva mmoja kwa heshima inayompasa mtu wa umri wake. Muulize maswali matatu tu: alisimama siku ngapi katika safari yake ya mwisho, na wapi, kuna maandishi gani kwenye tangi la lori lake, na anayaelewa, na ni nani aliyemfundisha la kufanya likivuja. Andika majibu kama alivyoyasema, hata kama Kiswahili chake si cha kitabuni. Usimsahihishe. Jina lake usiliandike, wala namba ya gari.

Mjadala utarudiwa Ijumaa ya mwisho wa mwezi, hoja ileile. Safari hii sitakuwa mwamuzi. Nitakaa upande wa wapinzani, nafasi ya msemaji wa pili. Nafasi ya msemaji wa kwanza nimemwachia dereva mmoja ambaye amekubali kuja, iwapo lori lake litakuwa limetoka forodhani.